Mgeni Mezani: Kutatua Matatizo ya Wahusika Wasaidizi Wanaochezwa na Wengine

Katika michezo ya uhusika ya mezani, Dungeons & Dragons na jamaa zake, kila mchezaji ana mhusika wake na msimulizi anabeba wote waliobaki: mlinzi wa lango, mwenye nyumba ya wageni, mfalme, jambazi, mjane mwenye siri. Anajiuliza na kujijibu mpaka koo linakauka. Ndipo anapomwalika rafiki aje acheze mhusika mmoja kwa jioni moja, au anawagawia wachezaji wake wenyewe baadhi ya wahusika hao. Wazo ni zuri. Malalamiko yanayofuata hufanana sana kundi kwa kundi, na ndiyo yaliyokusanywa hapa.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Anza na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kisha shuka. Usirukie tiba nzito kabla ya kujaribu nyepesi. Hitilafu nyingi hazianzi mdomoni mwa mgeni, zinaanza kwenye karatasi aliyokabidhiwa, na kuna makundi yaliyoapa kutoalika mtu tena kwa kosa ambalo sentensi mbili zingelimaliza.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Mvute mgeni pembeni wakati wa mapumziko, umuulize maswali matatu. Mhusika wako anataka nini leo? Anajua nini? Unaruhusiwa kuamua nini bila kuniuliza?

Swali la kwanza wengi hulijibu. La pili hulijibu nusu. La tatu huwafanya wakutumbulie macho, na hapo ndipo penye kazi. Akisema lango limefungwa, limefungwa kweli? Akijitungia kaka anayeishi bandarini, kaka huyo sasa yupo? Akikubali kuuza meli ya tajiri wake, meli imeuzwa? Msimulizi anayajua majibu kichwani na anadhani kila mtu anayajua. Mgeni hayajui, kwa hiyo ama ataogopa kuamua chochote ama ataamua kila kitu.

Jambo hili ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita uliokuwa na mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, zama za Napoleon. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa baadhi ya waliokuja watu wa mjini, kila mmoja na haja zake: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Walitawanyika chumbani wakipanga njama zao wenyewe, zamu zikavurugika, na Wesely akaona jioni imemshinda. Wao walitaka nyingine. Mmoja wao, Dave Arneson, baadaye alishirikiana na Gary Gygax kuleta Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Kwa hiyo meza ambapo kila mmoja ni mtu wa mji si ugeni wowote. Na fujo yake pia si ngeni.

Dalili: mgeni amenyamaza, au anajibu neno moja moja

Sababu ya kawaida kupita zote: amepewa wasifu, hakupewa haja. Soma karatasi uliyomwandikia. "Mlinzi wa lango, miaka 50, mkali, ana kovu shavuni, alipigana vita vya kaskazini." Hapo hakuna kinachomfanya mtu afungue mdomo. Jaribu hii: "Unataka zamu yako iishe kabla mvua haijanyesha, na unatafuta mtu wa kumpelekea binti yako barua." Sasa ana la kuwaomba wasafiri, na ana sababu ya kuwaharakisha. Marekebisho haya unaweza kuyafanya katikati ya kikao, kwa kalamu, kwenye kipande cha karatasi.

Inayofuata ni kuingizwa saa mbaya. Amefika saa kumi, vita vikaanza saa kumi na dakika tano, sasa ni saa kumi na moja unusu na bado mnahesabu dadu. Huyo si mkimya, ameganda. Mgeni aingie kwenye mazungumzo. Kama ratiba imekwisha kuharibika, simamisha vita kwa sababu yoyote ile (adui anaomba kuzungumza, moshi umetanda), mpe onyesho lake, kisha endeleeni.

Sababu ya tatu ni wewe msimulizi. Wachezaji wanamuuliza mlinzi swali huku wakikutazama wewe, nawe kwa mazoea unajibu. Ikitokea mara mbili, mgeni anaelewa kwamba hahitajiki. Hama kiti. Kaa nyuma yake ama pembeni ya meza, macho yako kwenye daftari, uache kimya kidumu hata kama kinakuwasha.

Mara chache zaidi, ni utani wa ndani wa kundi unaomwacha nje. Mara chache kabisa, mgeni haoni raha kuigiza sauti. Mwambie si lazima. "Mlinzi anakataa, anasema mpaka alfajiri" inatosha kabisa, na wachezaji wazuri wengi hucheza hivyo maisha yao yote. Akiendelea kusita, mpe kazi ya kurusha dadu za wanyama mwitu na mwache afurahie. Wengine walikuja kwa ajili ya watu na chakula, na hilo halihitaji kutatuliwa.

Dalili: mgeni amemeza kikao

Wachezaji wamegeuka watazamaji. Hesabu simu zilizoshikwa mezani. Zikizidi nusu ya watu, una tatizo hili.

1. Cheo cha mhusika ni kikubwa mno. Msimulizi anapomwalika mtu anayemheshimu hutaka kumpa kitu cha hadhi: mfalme, mchawi mkuu, malkia wa majini. Mfalme akisema, wengine husikiliza, ndiyo kazi ya mfalme. Jiulize: mhusika huyu anaweza kuimaliza shida ya wachezaji peke yake? Kama jibu ni ndiyo, hitilafu umeipata. Kwa leo mfunge: ana jeraha, ana kiapo, mjumbe amekuja kumwita. Kwa siku nyingine, wape wageni watu wanaokosa kitu ambacho wachezaji pekee wanacho. Mfungwa. Mjumbe aliyepoteza barua. Mlanguzi ambaye mzigo wake umekamatwa. Mtu mwenye shida huwavuta wengine waseme.

2. Mhusika hana mlango wa kutokea. Hakuna kinachomwondoa, kwa hiyo anafuatana na kundi mpaka usiku wa manane. Andika kuondoka kwake kwenye karatasi tangu mwanzo: "Kengele ya tatu ikilia, lazima uwe umerudi kambini, ama utapigwa viboko." Mgeni mwenye saa ya kuondoka hucheza kwa kasi nzuri zaidi.

3. Msimulizi anaona utamu. Ni raha kumtazama mtu mwingine akifanya kazi yako, na mazungumzo yenu wawili yanaweza kunoga hasa. Wengine wanne hawakuja kusikiliza mahojiano. Vunja kwa swali la kuwageuzia: "Nyinyi mmesimama wapi wakati anasema haya? Nani anamtazama usoni?"

4. Mgeni ni mzoefu mwenye kiu. Huenda yeye mwenyewe ni msimulizi mahali pengine na hajapata nafasi ya kucheza kwa muda mrefu. Usimzunguke. Mwambie waziwazi kwamba unamhitaji aulize zaidi kuliko anavyojibu. Wazoefu hulielewa hili upesi kwa sababu wao pia wameshateswa na wageni wa aina hiyo.

Dalili: siri imetoka dakika ya tano

Ulimpa mgeni mhusika anayejua nani alimuua liwali. Wachezaji walipomsalimu tu, akawaambia.

Kwa kawaida hakuambiwa ipi ni siri. Wewe umeishi na hadithi hii miezi, yeye ameisoma nusu ukurasa. Tena ana nia njema, anataka kuwasaidia. Gawanya anayoyajua katika mafungu matatu kwenye karatasi: anayosema bila kuulizwa, anayosema akibanwa au akilipwa, na asiyoyasema hata kwa kisu. Fungu la kwanza lisiwe tupu, maana mgeni asiye na cha kutoa bure atarudi kwenye dalili ya ukimya.

Wakati mwingine mafungu yapo, lakini hakuna bei. "Akibanwa" ni nini hasa? Msimulizi anadhani ni kurusha dadu ya pande ishirini na kupata 15. Mgeni anadhani ni kuombwa kwa upole. Andika bei inayoshikika: atasema akiahidiwa ulinzi wa mwanawe.

Tiba ya ndani zaidi, na ndiyo ninayoipenda, ni kutompa mgeni ukweli wote. Mpe alichoona mhusika wake tu: mtu mwenye joho la kijani akitoka kwa liwali alfajiri. Aamini kabisa kwamba huyo ndiye muuaji. Sasa hata akimwaga kila kitu, wachezaji wamepata fununu, kesi bado iko wazi, na mgeni anasema bila woga kwa sababu haigizi kuficha.

Siri ikiwa imekwisha kutoka, usiikane. Kuwaambia watu "hamkusikia hayo" huacha ladha mbaya kuliko fumbo lililovuja. Badilisha swali kutoka nani aliua kuwa nani atawaamini wakisema.

Dalili: mgeni amebuni jambo linalobomoa hadithi

Ametamka mbele ya wote kwamba mfalme alishakufa mwaka jana. Mfalme ndiye aliyewatuma wachezaji wiki iliyopita.

Pumua. Kabla ya kumsahihisha kumbuka kwamba aliyesema ni mhusika, na wahusika hudanganya, hukosea, husikia uvumi wa sokoni. Mara nyingi hakuna la kutengeneza. Mwache aamini hivyo, na wachezaji wenyewe wataanza kujiuliza ni nani basi aliyewatuma. Kampeni nyingi, yaani hadithi ndefu za vikao vingi, zimepata mgongo wao kwa njia hiyo.

Kama jambo lenyewe haliwezi kuwa uvumi (ameufungua mlango uliopaswa kufungwa, amegawa upanga wa kimiujiza), kosa ni lile swali la tatu. Lisahihishe kwa uwazi na kwa kifupi: "Hilo ni juu yangu, mlango huo bado umefungwa, tuendelee." Halafu wakati wa mapumziko chora mpaka. Mimi hupendekeza mgeni awe na mamlaka kamili juu ya mwili, familia, mali na hisia za mhusika wake, na aulize kwanza kuhusu kitu chochote ambacho wachezaji wanaweza kukibeba mfukoni au kukitembelea kwa miguu.

Ikiwa anafanya hivyo makusudi, akicheka kila unapokwama, hapo hakuna hitilafu ya karatasi. Kikao kiishe, mshukuru, usimwalike tena.

Dalili: vita vimekwama tangu mgeni aanze kuendesha askari

Hii ni hesabu tu, na hutengenezeka haraka.

Sababu kubwa: umempa karatasi nzima ya mhusika. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, kitabu cha viumbe cha mwaka 2014 kina mlinzi wa kawaida mwenye kinga 16 (namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie kwa dadu), uhai 11, na mkuki unaoongeza 3 kwenye dadu ya pande ishirini; ukipiga, madhara ni dadu ya pande sita jumlisha 1. Hayo yanaenea kwenye kadi moja, na mgeni asiyewahi kushika dadu ataelewa kwa dakika mbili. Linganisha na mchawi wa kitabu hicho hicho: uhai 40 na orodha ya uchawi zaidi ya 12, kila mmoja na kanuni zake. Ukimpa mgeni huyo, kila zamu itakuwa ni kusoma. Kama ni lazima awe mchawi, mchagulie mambo matatu ya uchawi: moja la kushambulia, moja la kujikinga, moja la kukimbia. Mengine yafute, hakuna atakayeyakumbuka.

Sababu ya pili: askari ni wengi. Mchezaji mmoja akiendesha walinzi sita, warushie kwa pamoja, dadu moja kwa wawili au watatu, na wote wahesabiwe zamu moja.

Ya tatu: mgeni hajui kama anaruhusiwa kumwacha mhusika wake afe. Anapiga hesabu za kumwokoa mkulima mwenye uhai 4. Mwambie mapema: "Huyu anaweza kufa, wala sitakasirika." Utashangaa wageni wanavyogeuka mashujaa wakishapewa ruhusa hiyo.

Dalili: mchezaji wa kudumu anajipendelea, au anaongea peke yake

Hii haihusu wageni. Umegawa wahusika wasaidizi kwa wachezaji wako, na sasa mfanyabiashara anayechezwa na fulani amemuuzia shujaa wa fulani huyo huyo farasi kwa bei ya mbuzi.

Sababu karibu daima ni mpangilio. Weka kanuni moja: hakuna anayecheza mhusika msaidizi mbele ya mhusika wake mwenyewe. Shujaa wake akiwa kwenye onyesho, mfanyabiashara anashikwa na mwingine. Kanuni hii pia inaondoa ile aibu ya mtu kujisalimu na kujiitikia huku wengine wakitazama dari.

Ukitaka kuona watunzi wa michezo mingine walivyolishughulikia jambo hili kwa undani, iko mifano miwili. Ars Magica, iliyotoka mwaka 1987, humpa kila mchezaji mchawi wake na msafiri mwenza, kisha huweka kapu la askari na watumishi ambao ni wa meza nzima. Mchawi wako akibaki maktaba, wewe unachukua mtumishi na kwenda na wenzako. Hakuna anayemmiliki mtumishi, kwa hiyo hakuna anayempendelea. Wraith: The Oblivion ya mwaka 1994 ilikwenda mbali zaidi: kila mhusika ni mzuka mwenye upande wa giza unaomshawishi ajiangamize, na upande huo huchezwa na mchezaji mwingine. Ni mpango mkali, na ndipo unapoona kwa nini kanuni ya kutojicheza ina nguvu. Mtu hawezi kujishawishi vizuri kama jirani yake anavyoweza.

Sababu ya pili, adimu: mchezaji amemzoea mhusika msaidizi kuliko shujaa wake, na anatafuta kila kisingizio cha kumrudisha. Muulize. Huenda anataka kubadilisha. Mruhusu, shujaa wa zamani naye atafaa kuwa mhusika msaidizi siku moja.

Dalili: wachezaji wanamwogopa mgeni kwa heshima

Mgeni ni mjomba, mwalimu wa zamani, au bosi wa mmoja wenu. Anacheza jambazi. Wachezaji walipaswa kumpinga; badala yake wanamwita "mzee", wanakubali kila analosema, na mmoja amempa kiti chenye mto. Mashujaa wa enzi za majoka wanamwamkia jambazi shikamoo, naye anaitika marahaba. Inachekesha, ila mchezo umesimama.

Adabu ya nje imeingia ndani, na hutaitoa kwa kuwaambia watu wajisahau. Afadhali uipe kazi. Mkubwa asipewe mtu wa kuamuru wala wa kupingwa. Apewe mtu wa kuhurumiwa au wa kufuatwa ushauri: mgonjwa, mdai haki, mzee anayeikumbuka njia ya zamani ya mlimani. Heshima yenu ya kweli sasa inalingana na onyesho. Kama ni lazima awe adui, awe adui mwenye adabu kupindukia, yule anayekunywesha kahawa kabla ya kukupora.

Uhusiano wenyewe pia una tofauti. Babu na wajukuu ni watani, kwa hiyo babu anayecheza joka mwenye ubahili hutaniwa na kuchomwa mikuki bila mtu kuona haya. Shemeji vilevile. Baba mkwe ni habari nyingine kabisa, na ushauri wangu ni kwamba usijaribu. Mwalike aje kula, acheze mwenye nyumba ya wageni kwa dakika kumi, aende zake na hadhi yake.

Dalili: mpinzani amegeuka ugomvi wa kweli

Ulimpa mgeni adui mkuu. Sasa sauti zimepanda, na haieleweki nani anamtukana nani.

Angalia kwanza kama aliambiwa lengo. Mtu anayekuja kucheza adui hudhani amekuja kushinda, kama vile kwenye karata au bao. Mwambie mapema kwamba adui huyu huenda akashindwa leo, na umwachie achague namna ya kushindwa: atakimbia, atajisalimisha, atakufa akilaani. Mtu aliyechagua anguko lake hulicheza kwa moyo. Kama matokeo yako wazi kweli, basi mpe kipimo: hila tatu kwa kikao kizima, akizimaliza zimekwisha.

Kisha angalia alichokijua. Adui aliyekuwa mezani wachezaji walipopanga mtego, kisha akauruka mtego huo, ataitwa mwizi wa siri hata kama alibahatisha tu. Wakati wa kupanga, mtume nje akapunge upepo.

Halafu angalia watu wenyewe. Usimpe nafasi ya adui mtu mwenye ugomvi halisi na yeyote mezani: wapenzi walioachana juzi, ndugu wanaogombania kiwanja, mdai na mdaiwa. Mchezo hautawapatanisha. Utawapa tu maneno mapya.

Simamisha kikao mara moja iwapo matusi yanagusa mwili, kabila, dini, ndoa au kipato cha mtu halisi. Usisubiri zamu iishe, wala usijaribu kuligeuza kuwa sehemu ya hadithi. Dadu chini, chai, kila mmoja kivyake. Ugomvi wa kweli uende kwa watu wanaousuluhisha kweli. Msimulizi si msuluhishi wao, na usiku huo ana upande tayari machoni pa mmojawapo.

Dalili: mtu amenyamaza ghafla, analia, au ameondoka mezani

Mgeni hajui mmekubaliana nini kama kundi. Nyinyi mlikwisha kusema kikao cha kwanza kwamba hakuna maonyesho ya kuteswa watoto. Yeye hakuwepo, akaleta moja kwa nia ya kumfanya adui atishe. Sababu hii ndiyo inayoongoza, na kinga yake ni sentensi moja kabla ya mlango kufunguliwa: haya hatuyagusi, haya yanatokea nje ya jukwaa.

Mezani weka pia kadi yenye herufi X, chombo kilichobuniwa na John Stavropoulos na kinachotumika sana: yeyote akiigusa, kilichokuwa kikisimuliwa kinafutwa, bila maelezo na bila kuulizwa. Mwonyeshe mgeni jinsi inavyotumika, tena iguse wewe mwenyewe mapema kwa jambo dogo, ili asione kwamba ni ya dharura kubwa tu.

Mipaka ya kutopita hapa ni hii. Mtu akipumua kwa shida, akitetemeka, au akionekana hayupo tena chumbani kwa mawazo, mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Kaa naye, mpe maji, mwite mtu anayemwamini. Akianza kusimulia, kupitia mhusika au waziwazi, unyanyasaji uliompata, usimhoji na usimwigizie "mwisho mzuri". Msikilize, kisha msaidie kumfikia mshauri nasaha au daktari. Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake, na tafuta msaada wa kitaalamu au wa dharura siku hiyo hiyo. Na kama mezani kuna watoto, mgeni mtu mzima aje kwa idhini ya wazazi na asibaki nao faragha, hata kama mchezo unadai "mazungumzo ya siri". Hili halina majadiliano.

Dalili: mgeni yuko mtandaoni na kila mtu anaongea kwa pamoja

Sauti inachelewa, kwa hiyo yeye huanza kusema wakati mwingine ameshaanza. Mchezaji mmoja awe mshika zamu, amtaje kwa jina la mhusika kabla hajasema. Vipaza sauti viwili ndani ya chumba kimoja huleta mwangwi; kimoja kizimwe. Na muwe na mpango bando likikatika: msimulizi anamshika mhusika pale pale, anamfanya aseme machache, anamrudishia mwenyewe akirejea.

Dalili: mgeni hakuja, au mhusika anahitajika tena na mgeni hayupo

Kutokuja hakupaswi kuangusha kikao. Kama kinaanguka, ulijenga jukwaa zima juu ya mtu mmoja. Karatasi ya mgeni iwe kwenye bahasha mezani, na yeyote aweze kuifungua na kucheza: haja, mafungu matatu ya anayoyajua, mipaka ya uamuzi, saa ya kuondoka. Ukurasa mmoja.

Kurudi kwa mhusika ni kugumu kidogo, kwa sababu wachezaji hukumbuka jinsi alivyosema kuliko alichosema. Mgeni kabla hajaondoka muulize mambo mawili. Kwanza, mhusika huyu angekataa kufanya nini kabisa? Jibu lake ndilo litakalokuongoza kuliko sauti au kovu. Pili, naruhusiwa kumuua? Wengine hucheka na kusema ndiyo. Wengine hufikiri kidogo, wakasema hapana, subiri mpaka nije.